Wananisubiri nisaini, na pesa tayari zimo kwenye simu yangu

Shikamoo Bi Mshauri,

Naomba usitaje jina langu wala nchi ninayotoka. Kitengo chetu kina watu wachache, na atakayesoma habari hizi akiwa ndani atanijua mara moja. Nina miaka 33, nimeolewa na nina watoto wawili. Ni mtunza stoo katika hospitali ya serikali. Stoo hii nilihamishiwa mwaka jana.

Mzigo ukija, mimi nahesabu, nalinganisha na oda, naingiza kwenye leja, halafu kamati ya mapokezi inasaini fomu. Kamati ni watu watatu na mimi ni mmojawao. Bila saini zote tatu mhasibu hawezi kuandaa malipo ya mzabuni.

Wiki mbili zilizopita gari la mzabuni lilifika jioni, wakati wa kufunga. Hati iliyokuja na mzigo ilisema katoni 200 za glovu, katoni 120 za maji ya dripu, na mipira ya mkojo. Nilihesabu mwenyewe wakati dereva akishusha. Glovu zilikuwa katoni 60. Dripu, 45. Mipira ya mkojo haikuwemo kabisa. Nikamuuliza dereva, akasema yeye kapakiwa hivyo, mengine niwaulize wakubwa.

Asubuhi nikaenda kwa mkuu wangu wa kitengo, na hapa ndipo penye ugumu. Huyu mzee alikuwa rafiki wa marehemu baba. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili, na yeye ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza chuo. Kwenye harusi yangu alisimama badala ya baba. Nyumbani namwita Baba Mdogo, ofisini namwita Mkuu. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mwanangu, mzigo uliobaki uko njiani. Mwaka wa fedha unafungwa, tusipolipa sasa pesa zinarudi hazina na hospitali inakosa yote. Saini, vitakuja." Nikamwambia basi niandike zile zilizofika, nyingine tuzipokee zikija. Akakaa kimya, halafu akasema, "Nenda kafikirie."

Nilirudi stoo nikafungua leja za zamani, za kabla yangu. Kuna kurasa ambazo mzigo mkubwa umepokelewa na kutolewa kwenda wodini siku hiyohiyo, lakini sehemu ya saini ya wodi iko tupu. Nilizifunga. Sijamwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza.

Siku chache baadaye nilikuwa jikoni naosha vyombo, simu ikalia. Pesa zimeingia kutoka kwa jina nisilolijua, kiasi kama mishahara yangu mitatu. Sijakaa sawa, ujumbe ukafuata: "Ya watoto dada. Asante kwa ushirikiano." Sijajibu. Sijazigusa. Kila nikinunua vocha naangalia salio na roho inanidunda, kwa sababu zangu na zao zimechanganyika humohumo.

Wenzangu wawili wa kamati wameshasaini. Mmoja, muuguzi ninayempenda sana, siku hizi akiniona kwenye korido anageukia upande mwingine. Mwingine aliniambia wazi: "Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Usijifanye malaika, utatuharibia sote." Mume wangu anasema nisaini yaishe, maana mimi sijaiba, nimeandika jina tu. Usiku tukigombana juu ya hili ananikumbusha kwamba mkopo wa nyumba tunaulipa wote wawili. Mama ndiyo kabisa siwezi kumwambia. Kwake yeye Baba Mdogo ni kama malaika aliyeshushwa.

Juzi nilipita wodi ya wazazi. Nje kulikuwa na mama mtu mzima ameshika kikaratasi, kimeandikwa glovu pea tano na dripu mbili, anamuuliza mlinzi duka la dawa liko upande gani. Binti yake alikuwa ndani kwenye uchungu. Nilitaka kumwambia glovu zipo, nikakumbuka kwamba zilizopo hazitafika hata mwisho wa mwezi. Nikapita.

Fomu iko kwenye droo yangu. Wanataka mpaka Ijumaa iwe imesainiwa. Nikikataa, nitamuangusha mtu aliyenisomesha. Nikiripoti, anaweza kufungwa, na mimi sijui nani atanilinda. Nikisaini, sijui nitamwangaliaje yule mama nikikutana naye tena. Je, nirudishe hizi pesa kimyakimya nisaini, ili angalau nisiwe nimekula? Na mtu anaweza kweli kumripoti aliyemlea, kisha akapata usingizi?

Ni mimi mwanao,
Mtunza Stoo

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nilisimama pale unaposema zako na zao zimechanganyika. Hilo ndilo walilokusudia. Mtu anayekutumia pesa bila kukuuliza anataka ujione umeshaingia kabla hujaamua. Nataka uanzie hapa: hujaamua bado. Fomu iko kwenye droo na jina lako halipo. Katika mambo haya watu wengi huandika wakati jina limeshakaa kwenye karatasi na pesa zimeshatumika. Wewe una nafasi ambayo wao hawakuwa nayo, ingawa najua kwamba ukiwa ndani yake huioni kama nafasi.

Nikikuelewa vizuri, mambo matatu yamefungwa pamoja. Kuna namba zisizolingana na mzigo, kuna pesa kwenye simu, na kuna deni lako kwa mtu aliyekulea. Wamekufanya uyaone kama jambo moja lenye majibu mawili tu: usaini, au umpeleke Baba Mdogo jela. Tuyafungue, maana kila moja lina njia zake.

Tuanze na namba. Mkuu wako anasema mzigo uko njiani na mwaka wa fedha unafungwa. Shinikizo la mwisho wa mwaka wa fedha ni la kweli, kila aliyefanya kazi serikalini analijua, na inawezekana mzee anaamini anachosema. Lakini jiulize: kama mzigo unakuja kweli, kuandika 60 na 45 kunamuumiza nani? Mzabuni analipwa kwa kilichofika, na kilichobaki kikifika kinaandikiwa fomu yake. Wewe mwenyewe ulipendekeza hivyo, na ndipo mzee akakaa kimya. Halafu mzabuni ambaye mzigo wake uko njiani, ana sababu gani ya kumtumia mtunza stoo mishahara mitatu? Sisemi kwamba najua kilichomo moyoni mwa mkuu wako. Nasema maelezo yake na zile pesa havikai pamoja, na nadhani wewe ulikwishaliona hilo, ndiyo maana ulikwenda kufungua leja za zamani.

Mume wako anasema ni jina tu. Naelewa anakotoka: anaogopa kwa ajili yenu, na mkopo si mchezo. Ila fomu ya mapokezi ndiyo inayofungua malipo. Mhasibu hakuona mzigo, mkaguzi hakuuona, mganga mkuu hakuuona. Wote wanaamini macho yako. Sheria nazo zinaliangalia hivyo. Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kifungu kizima kuhusu kutumia nyaraka za uongo kumpotosha mwajiri, mbali na kifungu cha rushwa yenyewe. Kenya, sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 ina kosa la namna hiyohiyo. Kwa hiyo ukirudisha pesa kisha ukasaini, hutakuwa umekula, ni kweli, lakini karatasi ya uongo itabaki na jina lako, na siku ikifunguliwa, waliokula watasema tu kwamba wao walimwamini mtunza stoo. Hii njia ya katikati uliyoniuliza ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu inakuachia mzigo wote bila hata kukupa amani unayoitafuta.

Sasa hizo pesa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, uliopitishwa mwaka 2003, unahesabu kuwa kosa kuahidi, kutoa, kuomba na kupokea. Aliyekutumia amekwishafanya la kwake, usaini usisaini. Wewe hukuomba na hujazigusa, na hilo lina uzito. Lakini siku zinavyopita, ukimya wako unaanza kufanana na kukubali, angalau machoni pa mtu atakayesoma taarifa za simu yako bila kukujua. Usiufute ule ujumbe. Usizitumie hata kwa dharura ukijiambia utazirudisha mwisho wa mwezi. Usimkabidhi mtu taslimu mkononi, kwa sababu hapo hutakuwa na namna ya kuonyesha kwamba zilirudi. Kuzirudisha kupitia njia ileile zilikojia kunaacha alama, ila pia kunamwambia mtumaji msimamo wako kabla hujajipanga. Wako watakaokushauri uziache palepale mpaka chombo cha kuzuia rushwa kikuelekeze, kwa sababu kwao ni kielelezo. Hili ni la kumuuliza mwanasheria kabla ya Ijumaa. Ukishindwa gharama, tafuta kituo cha msaada wa kisheria kilicho mbali na ofisi yenu, na usimtumie mwanasheria wa mwajiri wako.

Nije kwa Baba Mdogo, maana naona hapo ndipo moyo wako ulipo. Huyu mtu alikulipia ada. Alisimama kwenye harusi yako. Hakuna kitakachotokea wiki hii kitakachofuta hilo, na sitaki ulifute. Usijilazimishe kumchukia ili uweze kukataa. Unaweza kumpenda na ukaacha kusaini. Lakini naomba nikuulize kitu kwa upole: alipokuwa akilipa ile ada, unadhani alikuwa ananunua saini ya leo? Kama jibu ni hapana, basi deni unalolihisi ni deni la upendo, na ana haki ya kulipwa kwa upendo, kwa heshima, kwa kumtunza akizeeka. Kama jibu ni ndiyo, hilo ni jambo zito na la kusikitisha, ila ni vizuri ulijue mapema.

Kuna dhana nyingine ningependa uichunguze, kwamba kukataa ndiko kutakakomuangusha. Mpaka sasa malipo hayajatoka. Mzigo haujalipwa kwa uongo. Hatari yake kubwa inaanza pale mnaposaini. Wewe ndiye mtu pekee ambaye bado anaweza kumzuia asivuke, na hata yeye huenda anasukumwa na mtu wa juu yake ambaye wewe humjui. Sikuahidi kwamba ataliona hivyo. Anaweza kuona umemsaliti. Lakini ukijilaumu, jilaumu kwa jambo ambalo ni lako kweli.

Unaweza kumwendea, basi. Mchana, ofisini, bila kusema habari za pesa kwenye simu, na umwambie tu: "Mkuu, nimehesabu 60 na 45. Ninaweza kusaini hizo. Zaidi ya hapo siwezi." Sentensi fupi, bila mahubiri na bila kumtuhumu. Faida yake ni kwamba unampa mlango wa kurudi nyuma akiwa bado na heshima yake. Hatari yake ni kwamba baada ya hapo wanajua. Wanaweza kukutoa kwenye kamati, kukuhamisha, au kuandika fomu mpya yenye saini isiyo yako. Kwa hiyo kabla hujaenda, hakikisha kwamba leja inaonyesha kilichofika siku kilipofika, kwa mkono wako na kwa tarehe yake. Nyumbani uwe na daftari lako lenye siku, saa, namba ya hati, idadi, na maneno uliyoambiwa kama unavyoyakumbuka. Usitoe faili wala hati halisi ofisini. Nitakueleza sababu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, David Munyakei alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya. Aliona malipo makubwa yakipita mezani kwake kwa kampuni ya Goldenberg, iliyodai fidia ya kusafirisha nje dhahabu na almasi. Bidhaa zenyewe hazikuwepo kama karatasi zilivyosema. Unaona jinsi hadithi ile inavyofanana na ya kwako, ingawa ya kwao ilikuwa ya mabilioni. Akazipeleka nyaraka kwa wabunge wa upinzani, na kashfa ikajulikana. Yeye alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na akapoteza kazi. Baadaye, mwaka 2004, shirika la kupambana na rushwa la Transparency International lilimtunuku kwa uadilifu wake, lakini alifariki mwaka 2006 akiwa katika maisha magumu. Ninamheshimu mtu huyu sana. Sikuambii habari zake ili uige wala ili uogope. Nakuambia ili ujue kwamba njia ambayo taarifa inapitia ina maana kubwa kwa usalama wa aliyeitoa, na wakati wake hapakuwa na sheria ya kumkinga.

Siku hizi sheria zipo, kwa namna tofauti. Kwa kuwa hukutaja nchi, nakupa za majirani wote. Tanzania ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, na TAKUKURU, taasisi yake ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa simu namba 113 bila malipo. Uganda ina sheria yake ya 2010, na inampa mtoa taarifa asilimia 5 ya fedha zitakazookolewa. Kenya, Sheria ya Hongo ya 2016 imeweka adhabu kwa anayemtisha au kumwandama mtoa taarifa, lakini pia inamtaka ofisa wa umma mwenye mamlaka aripoti kwa EACC, tume ya nchi hiyo ya maadili na kupambana na rushwa, ndani ya saa 24 akijua au akishuku hongo. Kama uko Kenya, hicho kifungu kinakuhusu pengine, na ni sababu nyingine ya kumwona mwanasheria leo badala ya kesho. Karibu sheria zote hizi zinamlinda anayepeleka taarifa kwa nia njema na kwa chombo kinachostahili. Anayezipeleka kwa jirani au kwenye makundi ya simu hana kinga hiyo.

Sitakuficha kwamba sheria kwenye karatasi na ulinzi mlangoni ni vitu viwili. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 33, unazitaka nchi zifikirie tu kuweka ulinzi kwa watoa taarifa, hauzilazimishi. Afrika Kusini ina sheria ya kuwalinda tangu 2000. Agosti 2021 Babita Deokaran, ofisa wa fedha katika idara ya afya ya Gauteng, aliyekuwa ametilia shaka malipo ya hospitali moja ya umma, alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Waliofyatua wamehukumiwa. Watu wengi katika hali yako hawafikii huko, na fedha zilizokuwa zinabishaniwa pale zilikuwa kubwa mno. Lakini ningekuwa nakudanganya kama ningekwambia ripoti tu, Mungu yupo, yataisha.

Kwa hiyo ukifikiria kuripoti, zipo ngazi. Mkaguzi wa ndani wa taasisi yenu ni ngazi moja. Ni halali na haraka, ila pima kwanza ukaribu wake na mkuu wako, maana wengine wanakula meza moja. Chombo cha kuzuia rushwa ni ngazi nyingine. Unaweza kuanza bila jina, lakini kwenye kitengo cha watu wachache kutokuwa na jina hakukufichi sana, na wewe mwenyewe umelisema hilo mwanzo wa barua. Ukienda, uliza mapema kabisa: jina langu litaandikwa wapi, nani ataliona, nitaitwa mahakamani? Majibu yao yatakusaidia kujua uendelee kiasi gani. Unaweza pia kuomba uhamisho bila kuripoti chochote. Watu wema wengi wamefanya hivyo, na simlaumu hata mmoja. Ila zile kurasa za leja zitabaki, na atakayekaa kwenye kiti chako huenda akawa binti wa miaka 23 asiye na wa kumuuliza.

Nimwangalie kidogo yule muuguzi anayekukwepa kwenye korido. Wewe umeona mtu aliyekuwa upande wao. Mimi nilipokuwa nasoma nilijiuliza kama naye alitumiwa pesa usiku, kama naye amekaa na mumewe wakagombana, na sasa anakuona wewe hujasaini na hawezi kukutazama. Huenda nimekosea. Usimfuate kumwambia siri zako wiki hii, ni hatari. Lakini usiamini moja kwa moja kwamba uko peke yako katika jengo zima. Mwenzako anayesema utawaharibia wote anaongea kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza.

Na yule mama mwenye kikaratasi. Umejilaumu kwa kupita. Mwanangu, wewe siye uliyemwandikia kile kikaratasi. Unaihesabu stoo kwa uaminifu, na kama glovu zitaisha kabla ya mwezi, andika sasa hivi taarifa ya upungufu kwenda kwa mganga mkuu kama taratibu zenu zinavyotaka. Hiyo ni kazi yako ya kawaida, haihitaji ujasiri wa ajabu, haimtuhumu mtu, na inaweka ukweli wa stoo kwenye karatasi yenye tarehe. Kati ya yote niliyosema, hili unaweza kulifanya kesho asubuhi, hata kama mengine bado yanakuumiza kichwa.

Uliniuliza kama mtu anaweza kumripoti aliyemlea akapata usingizi. Sijui jibu lako. Wapo niliozungumza nao katika kazi hii waliokataa kusaini bila kuripoti, na wanaishi vizuri na uamuzi huo. Wapo walioripoti wakapoteza ndugu, na bado wasingebadili. Wapo waliosaini kwa sababu watoto walikuwa na njaa, na sina jiwe la kuwarushia. Wewe ndiye utakayeishi ndani ya uamuzi wako, pamoja na mume wako na wanao, kwa hiyo siwezi kukuchagulia.

Kuhusu mume wako: msikilize hofu yake bila kumjibu kwa sauti. Muulize akuonyeshe, kwa hesabu, mtaishije ukihamishwa kituo, na mtaishije ukisimamishwa kazi ukichunguzwa kwa fomu ya uongo. Kaeni na mkopo wenu na hizo hali mbili mezani, usiku mmoja ambao hamjagombana. Ikiwezekana msomeshe barua hii. Huenda anadhani unachagua kati ya familia na watu wa nje, kumbe unajaribu kuilinda familia pia.

Kama Ijumaa itakufika hujapata mwanasheria, hujaongea na mzee, na hujajua la kufanya, unaweza kuomba muda. "Bado nalinganisha na leja" ni maneno ya kweli na ya kikazi. Niandikie ukipata nafasi, hata mistari miwili, kwa anwani ileile. Usitumie simu ya ofisi.